Semina ya Kazi Ilikuingia ama Ulienda Tu Kula Mandazi? Cheki Vile Watu wa Mbooni Walijifunza

Sema ukweli, mdosi wako hayuko hapa. Ile semina ya mwisho ulipelekwa na kazi, unakumbuka nini? Chai ya saa nne na mandazi, hizo unakumbuka. Kalamu ya bure, unakumbuka. Msee wa projekta aliyesoma slaidi moja baada ya nyingine ka anasoma matangazo ya vifo kwa redio, huyo ata ulimwigiza jioni mbogi ikacheka. Lakini kitu alikuwa anafunza? Zii.

Usijilaumu sana. Mara nyingi shida haiko kwa kichwa yako, iko kwa vile hiyo siku ilipangwa. Na hii stori inakuhusu kuliko unavyodhani. Ukishakaa kwa wera mwaka mmoja ama miwili, iwe ni hoteli, duka la simu, stage ya nduthi ama ofisi, kuna siku utaitwa uambiwe, "Huyu ni mgeni, mwonyeshe kazi." Hapo ndio utajua kufunza mtu mzima si mchezo.

So leo tubonge vile mafunzo ya kazi ya watu wakubwa hupangwa hadi yanashika. Wengine wangekupeleka kwa maprofesa wa Marekani moja kwa moja. Hao watakuja baadaye kidogo. Kwanza twende ushago: Mbooni, kaunti ya Makueni.

Ka hujawahi fika, Mbooni ni vilima. Kikima iko huko juu kwa baridi na ukungu, alafu ukishuka upande wa Kalawa jua linakuchapa hadi unasahau ulikuwa umevaa sweta asubuhi. Zamani yote hii ilikuwa ndani ya wilaya ya Machakos. Makueni ilipata wilaya yake 1992. Watu wa huku wamefunzwa kazi na serikali mbili, ya mkoloni na ya Kenya. Kuna masomo waliyakataa kabisa, na kuna mengine waliyashika hadi wasomi wa nje wakaja kuandika kitabu. Na walikuwa watu wale wale, kwa vilima vile vile.

Somo la kiboko

Unajua Muindi Mbingu Street pale tao, ile ya City Market? Umeipita mara mia moja ukitafuta matatu. Huyo Mbingu alikuwa Mkamba, na jina lake liko kwa hiyo barabara juu ya stori ya mafunzo mabaya, ata ka hakuna mtu huiita hivyo.

Miaka ya 1930 mkoloni alicheki vilima vya Ukambani vimebaki mifupa. Udongo ulikuwa unabebwa na mvua, nyasi zimeisha, makorongo kila mahali. Hiyo shida ilikuwa ya ukweli, hakudanganya. Lakini jibu lake lilikuwa moja: nyinyi mna ng'ombe wengi, tutawapunguza. Hakukaa chini na wenye ng'ombe kuuliza hao ng'ombe ni akiba, ni mahari, ni nini. Mifugo ikachukuliwa kwa nguvu na kuuzwa bei ya kutupa. 1938 maelfu ya Wakamba walishuka Nairobi na Muindi Mbingu mbele, wakapiga kambi wiki kadhaa wakidai kumwona gavana. Mbingu alishikwa akapelekwa Lamu. Lakini mwisho wa mwaka huo serikali iliacha kuchukua ng'ombe kwa nguvu.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ikaja awamu nyingine. Sasa ilikuwa kuchimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko, kazi ya lazima, siku kadhaa za wiki, na chifu anakuangalia. Watu walichimba, ndio. Ungefanya nini na chifu amesimama hapo? Lakini uhuru ulipokuja 1963, wengi waliweka jembe chini juu hiyo kazi ilikuwa inanuka ukoloni. Mkufunzi akiondoka tu, somo linaondoka na yeye. Ushaona hiyo kazini kwako, si ndio? Kofia ya usalama inavaliwa siku ya ukaguzi, kesho yake imetundikwa kwa msumari.

Alafu ikatokea kitu noma. Watu wale wale walianza kuchimba matuta bila kusukumwa. Walichagua aina tofauti, ile inaitwa fanya juu: unachimba mtaro ukifuata ulalo wa kilima, alafu udongo unautupa upande wa juu. Mvua ikinyesha, udongo unakwama kwa hiyo kingo, na miaka ikienda shamba linajisawazisha lenyewe ka ngazi. Hilo jina la Kiswahili liko ndani ya vitabu vya wahandisi wa udongo dunia nzima, hivyo hivyo, "fanya juu," hawajalitafsiri.

Kilichobadilika ni nini? Kwanza, sababu ilikuwa yao. Kahawa, mboga na matunda yalikuwa yameanza kuleta doh, na shamba lenye matuta linashika maji, so mavuno yanaonekana kwa macho. Ukipita kwa jirani yako unaona mahindi yake yamesimama na yako yamelala, hauhitaji semina. Pili, kazi yenyewe ilifanywa kwa mwethya, ile desturi ya Wakamba ya kikundi kusaidiana: leo tunachimba kwako, wiki ijayo kwangu. Kikundi kinachagua kiongozi wake, na kinamama ndio walikuwa wengi. Asiyejua anajifunza akiwa kati ya wanaojua, na jembe likiwa mkononi.

Watafiti watatu, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, walifuatilia hii stori kutoka miaka ya 1930 hadi 1990 na kuitolea kitabu 1994, More People, Less Erosion. Waligundua kitu kilichogeuza wasomi vichwa: watu wa Machakos ya zamani waliongezeka zaidi ya mara tano, na bado mmomonyoko wa udongo ulipungua.

Sasa wacha nilete huyo profesa niliyekuahidi. Malcolm Knowles, Mmarekani, alipata umaarufu miaka ya 1970 akisema mtu mzima hajifunzi ka mtoi wa shule. Anataka kujua mapema hii kitu ni ya nini. Anakuja na uzoefu wake na hataki ufanye ka hauko. Na anajifunza haraka ikiwa somo linatatua shida ako nayo sai, si ya mwaka ujao. Ukiangalia poa, mwethya wa Mbooni ulikuwa unafanya hayo yote bila kumsoma Knowles.

Wakenya wana mfano mwingine kila mtu anaujua. Januari 2004, mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza huko Eldoret akiwa na miaka 84. Alisema anataka kujisomea Biblia mwenyewe. Hiyo ndiyo sababu ilimfanya avae soksi ndefu na kaptura ka wajukuu wake. Miaka mingi kulikuwa na ngumbaru na wazee wengi waliikwepa. Yeye alikuwa na kitu anataka kusoma.

Mwaka wa mahindi

Mwaka huo huo wa 2004, Makueni na Kitui kulikuwa na msiba. Watu walianza kuugua, macho ya njano, tumbo limefura, ini limekufa. Kati ya Januari na Julai walihesabiwa wagonjwa 317, na 125 walikufa. Chanzo kilikuwa mahindi. Yalikuwa yamewekwa na unyevu, yakashika kuvu, na hiyo kuvu inatoa sumu inaitwa aflatoksini. Haina harufu ya kukuonya, na kupika hakuimalizi.

Si ati haikuwa inajulikana. 1981, Machakos hiyo hiyo, watu 20 waliugua vivyo hivyo na 12 wakafa. Madaktari waliandika kwa jarida la kisayansi. Miaka ishirini na tatu baadaye, hiyo elimu bado haikuwa imefika kwa mikono ya mtu anayeanika mahindi ama anayeyauza. Na kuuza ni jambo kubwa hapa: watafiti walichukua sampuli 350 za mahindi na unga kutoka masoko 65 ya eneo hilo, na zaidi ya nusu zilipita kipimo cha sumu kilichokubaliwa wakati huo. So hii ilikuwa pia shida ya watu walio kazini: wa duka la nafaka, wa posho mill, wa kubeba magunia, dereva wa lori.

Kuna sehemu ya hii stori huwa haisemwi sana. Baada ya mkasa kulikuwa na kampeni ya kuelimisha watu. Alafu watafiti hawakuuliza tu "mlifurahia mafunzo?" Walipima damu. Na waliopata maelezo ya namna ya kukausha na kuhifadhi mahindi walikuwa na sumu kidogo kwa damu kuliko wale hawakuyapata. Hebu fikiria hiyo. Somo lilipimwa ndani ya mwili wa mwanafunzi.

Mwaka wa 1959, Mmarekani Donald Kirkpatrick aligawanya kupima mafunzo kwa ngazi nne: watu walipenda? Walielewa? Wanafanya kazi tofauti wakirudi? Na je, matokeo yamebadilika? Makampuni mengi hukwama ngazi ya kwanza, ile fomu ya mwisho wa siku yenye vinyago vya kucheka na kununa. Watu hujaza haraka juu gari inawangoja. Ukambani walifika hadi ngazi ya nne, na ilikuwa ya uhai na kifo.

Sasa ni wewe umepewa kazi

Tuseme uko Tawa, soko la Mbooni. Mwenye duka la nafaka amekuambia, "Wewe umesoma, funza hawa watu sita mambo ya mahindi mabichi." Kuna mama wa miaka hamsini na kitu anayechagua mahindi, wabebaji wawili, mwendesha posho mill, kijana wa kuandika risiti na msee wa kununua kwa wakulima. Utaanzaje?

Wengi wangeanza na "aflatoksini ni sumu inayotokana na kuvu aina ya..." na hapo hapo umewapoteza. Anza na kununua. Mletee yule msee wa kununua makopo mawili ya mahindi, moja limekauka, lingine bado. Muulize angenunua gani na kwa nini. Atang'ata punje. Atatikisa kopo asikilize. Mama naye ataingiza mkono kwa gunia hadi kwa kiwiko. Hao watu wana vipimo vyao vya miaka mingi, na si vya mchezo. Ukianza kwa kuviita ushamba, funga daftari yako urudi nyumbani. Na huyo mama usimwite "wewe." Huku ataitwa mwaitu, na ukimwita hivyo kwa heshima utaona vile atakusaidia kufunza wengine.

Alafu sasa mletee kitu kipya, kimoja tu. Jaribio la chumvi ni zuri kwa sababu liko na vitu viko dukani. Chukua chupa ya glasi, safi na kavu kabisa, yenye kifuniko. Weka chumvi kavu kidogo chini, ongeza mahindi, yasijae hata nusu. Funga, tikisa dakika mbili tatu, acha itulie. Ka chumvi imeshika kwa glasi, mahindi yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15. Ka haijashika, yako chini ya hapo. Kwa kuhifadhi kwa muda mrefu inatakiwa ifike asilimia 13.5, so ata yakipita chumvi bado yanahitaji jua zaidi ama mita ya kupima. Usiwaambie chumvi inaona sumu. Haioni. Inaona unyevu tu, na mahindi yaliyoshika sumu kitambo alafu yakakauka yatapita hilo jaribio vizuri tu.

Wewe fanya mara moja wakikuona. Mara ya pili mmoja wao afanye na wewe umwambie. Mara ya tatu afanye akiambia wenzake. Hiyo ndiyo njia fundi wa jua kali hufunza mtu wa mkono, na mtu amejifunza kuchomelea geti hivyo bila kushika kitabu. Tofauti ni kwamba kwa jua kali mara nyingi hakuna anayeeleza kwa nini, unapigwa kelele tu hadi unajua. Wewe eleza. Mtu akijua kwa nini, siku mambo yamebadilika, tuseme mvua imenyesha katikati ya kuanika, anaweza kuamua mwenyewe bila kukupigia simu.

Na hapa ndipo wengi huchoma: wanafunza mtu kitu, alafu kazi yenyewe haimruhusu kukifanya. Umefunza wabebaji wasiweke magunia chini kwa simiti, lakini hakuna mbao za kuyainua. Umefunza msee wa kununua akatae mahindi mabichi, lakini mdosi anamlipa kwa idadi ya magunia. Atanunua mabichi, maze, na mimi ningenunua pia. Kabla ya kupanga somo lolote muulize mdosi hili swali: hawa watu wanashindwa juu hawajui, ama wanajua na kuna kitu kinawazuia? Ka ni la pili, mafunzo hayatasaidia. Nunua mbao. Badilisha malipo. Hii ndiyo sehemu mdosi huwa hapendi kusikia, juu semina ni rahisi kuliko kubadilisha malipo.

Muda nao. Usifunze siku nzima. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha 1885, akijipima mwenyewe, kwamba mtu akijifunza kitu husahau sehemu kubwa ndani ya siku moja ka hajarudia. So badala ya masaa sita siku ya Jumamosi, chukua nusu saa Jumatatu kabla ya duka kufunguliwa, nusu saa Alhamisi, na wiki ijayo dakika kumi za "nionyeshe tena." Mwenye duka atakuambia hana hiyo nusu saa. Muulize gunia moja lililooza ni doh ngapi.

Kikundi pia kina nguvu yake. Tanzania 1973 walikuwa na kampeni inaitwa Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikaa kwa vikundi wakisikiza redio, wakajadiliana, alafu wakaenda kufanya: kuchimba vyoo, kufyeka vichaka, kufukia madimbwi ya mbu. Redio peke yake ungezima. Lakini jirani yako ukiwa umemwahidi kwa kikundi kwamba Jumamosi utachimba choo, utachimba. Kwa hao watu wako sita, fanya waahidiane wao kwa wao. Nani atapima kila mzigo unaoingia? Chupa ya chumvi itakaa wapi? Waandike kwa karatasi yao, kwa Kikamba ka wanapenda, wabandike ukutani.

Alafu subiri mwezi mmoja urudi bila kusema. Usilete fomu. Angalia ka hiyo chupa iko mahali walisema, ama sai inawekewa mafuta ya kupikia. Angalia magunia yako juu ya nini. Uliza ni mizigo mingapi imekataliwa mwezi huo. Ka ni sufuri na mvua imekuwa ikinyesha wakati wa kuvuna, mafunzo yako hayajashika, ata ka wote sita walikupigia makofi.

Na doh itatoka wapi?

Hii wengi hawajui. Kisheria mwajiri Kenya analipa kodi ya mafunzo inayohesabiwa finje kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, na inaenda NITA, ile Mamlaka ya Taifa ya Mafunzo ya Viwandani. Ni shilingi 600 kwa mwaka kwa kichwa, na haifai kutoka kwa mshahara wako. Mwajiri aliyelipa anaweza kuomba kurudishiwa gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa na NITA. So mdosi wako akisema kampuni haina pesa ya kufunza watu, muulize kwa upole ka hiyo finje yenu huwa anaifuata ama anaiacha tu huko.

NITA pia ndio hutoa mitihani ya ufundi, ile watu huita grade test, kuanzia grade three kwenda juu hadi one. Ka ulijifunza kazi kwa mkono, uwe fundi wa magari, wa kushona ama wa umeme, hiyo ni njia ya kupata karatasi ya kitu tayari unakijua. Mtihani wenyewe una sehemu ya kufanya, unapewa kazi na unaangaliwa. Uliza ofisi yao ama taasisi ya ufundi iliyo karibu nawe tarehe za usajili, na ubebe kitambulisho.